Baraza la Muuguzi: Je, damu ya kuongezwa hurudisha saratani?

*Barua za wasomaji hujibiwa na muuguzi mstaafu wa thieta, Mombasa. Tumezifupisha kidogo.*

Assalam aleikum Bi Muuguzi, na shikamoo.

Mama yangu ana miaka 61, huuza viazi vya karai na bajia jioni hapa Kisauni. Tangu Mfungo Sita, baada ya Maulidi, amekuwa akichoka. Akipanda ngazi mbili anashika ukuta. Tulidhani ni moto wa karai. Siku alipoanguka (Mungu alimnusuru, aliangukia upande wa benchi) tukampeleka hospitali, damu ikapimwa ikawa 7.9 (gramu za hemoglobini, wekundu wa damu, kwa desilita). Wakamtia kamera ya utumbo, wakakuta uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana, na majibu ya kinyama walichokata yakasema ni saratani. Atapasuliwa baada ya wiki tatu. Tumeambiwa tutafute watu wawili wa kutoa damu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kaka yangu aliye Jeddah ametuma sauti ya dakika kumi na moja kwenye simu: amesoma kwamba mgonjwa wa saratani akiongezwa damu wakati wa kupasuliwa, saratani humrudia haraka na hafiki mbali. Mjomba akasema basi, hakuna kutia sahihi ya damu. Dada mkubwa anasema kinyume, atiwe chupa tatu sasa hivi aingie thieta na nguvu zake. Na kuna kijana alitufuata nje akasema damu anaweza kutupatia, tuelewane bei. Mimi nataka nimpe yangu mwenyewe. Si damu ya mwana ni bora kuliko ya mtu baki? Nimsikilize nani?

*Binti wa Kisauni*

Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi. Nimewahesabu waliosema: kaka, mjomba, dada, wewe, hata kijana wa nje. Mama hajasema neno. Mtu mzima wa miaka 61, anayejua kuhesabu chenji ya wateja ishirini gizani bila tochi, ana akili ya kutosha kuambiwa yanayohusu tumbo lake. Karatasi ya ridhaa huitia sahihi yeye. Mjomba atakaa benchi la nje kama sisi wengine. Kwa hiyo haya nitakayoyaandika, msomee yeye kwanza.

Nianze na kaka, kwa sababu hakudanganya. Alichosoma kipo, na madaktari wamekibishania tangu mimi sijavaa sare. Mwaka 1973 huko Marekani, Opelz na wenzake waligundua jambo la ajabu: wagonjwa waliopandikizwa figo, wale waliokuwa wameongezwa damu zamani, figo zao zilidumu kuliko za wale ambao hawakuwahi kuongezwa. Maana yake damu ya mtu mwingine iliifanya kinga ya mwili ilegee kidogo, ikaacha kuipiga vita ile figo ngeni. Kwa mwenye figo, hiyo ni neema. Lakini kinga ndiyo askari wetu dhidi ya saratani pia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa upasuaji wakaanza kuulizana: je, askari huyo tunamlaza usingizi siku ileile tunayotoa uvimbe, pengine zimebaki chembe mbili tatu zinazotafuta pa kujificha?

Wakahesabu, na hesabu ikatoka mbaya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Italia walikusanya tafiti 36 za saratani ya utumbo mpana, zenye wagonjwa zaidi ya 12,000. Walioongezwa damu, uwezekano wa saratani kuwarudia ulikuwa juu kwa takriban asilimia 40 kuliko wasioongezwa. Hiyo ndiyo habari ya dakika kumi na moja kutoka Jeddah. Ila watafiti haohao walikataa kusema kwamba damu ndiyo iliyoirudisha, na kipande hicho nadhani hakikuingia kwenye simu.

Kwa nini walikataa? Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kalafati, kuziba nyufa za majahazi, pale Bandari ya Kale. Jahazi likivuja, yeye ndiye anayeitwa na nyundo yake, pamba na mafuta. Sasa chukua daftari uandike majahazi yote yaliyotiwa kalafati nyingi, kisha uangalie yapi yamezama ndani ya miaka mitano. Utakuta yaliyotiwa nyingi ndiyo yaliyozama zaidi. Utasema pamba ya baba ndiyo iliyoyazamisha? Yalitiwa nyingi kwa sababu mbao zilikuwa zimeoza. Mgonjwa anayeongezwa damu thieta ndiye mwenye uvimbe mkubwa zaidi, ulioshika mishipa, aliyeingia damu ikiwa chini tayari, mwenye umri, aliyekaa mezani saa tano badala ya mbili. Huyo hata usipompa tone, safari yake ni ngumu kuliko ya mwenzake.

Utafiti ninaoupenda, kwa kuwa ulikuwa wa akili, ni wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1993. Wagonjwa 475 wa saratani ya utumbo waligawanywa kwa kura. Kundi moja, likihitaji damu, lipewe ya wachangiaji kama kawaida. La pili lipewe damu yao wenyewe, iliyotolewa na kuwekwa kabla ya upasuaji. Kama ugeni wa damu ndio sumu, kundi la pili lingeneemeka. Halikuneemeka. Baada ya miaka minne waliokuwa hai ni asilimia 67 katika kundi la damu ya wachangiaji na 62 katika kundi la damu yao wenyewe, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Lakini katika makundi yote mawili, walioongezwa damu, iwe ya nani, saratani iliwarudia karibu maradufu kuliko wale ambao hawakuhitaji kabisa. Mtu hawezi kuwa mgeni kwa damu yake mwenyewe, mwanangu. Kilichowatofautisha sehemu kubwa ni ile hali iliyowafanya waihitaji.

Nimesema sehemu kubwa. Baba alikuwa akisema nyundo yenyewe ikipigwa ovyo hufungua ubao uliokuwa mzima, na damu nayo si maji ya dafu. Hukaa kwenye friji siku 35 hadi 42 kulingana na dawa iliyomo mfukoni, na ikikaa hubadilika. Zile seli nyeupe za mchangiaji zilizomo ndani ndizo zinazoshukiwa zaidi kuchezea kinga. Uingereza tangu mwaka 1999 huchuja damu yote kuziondoa. Mzee akimiminiwa kwa pupa, maji humjaa mapafuni. Kwa hiyo asiyeihitaji asipewe. Anayeihitaji asinyimwe. Ugumu wote uko hapo katikati, kumjua yupi ni yupi.

Na hapa nikiri la kwetu. Nilipoanza kazi sheria ilikuwa moja: damu chini ya 10, hapasuliwi wala harudi wodini bila kuongezwa. Tena tulisema chupa moja haina maana, zianze mbili. (Tunasema chupa, ingawa za kioo nilizikuta zikimalizika, siku hizi ni mifuko.) Nilitundika mifuko hiyo miaka na miaka bila kuuliza. Mwaka 1999 Wakanada wakatoa utafiti wa wagonjwa mahututi 838: kundi la kungoja hadi damu ishuke chini ya 7 halikufa zaidi ya kundi la 10. Siku hizi kwa mgonjwa aliyetulia, asiyetoka damu kwa kasi, madaktari wengi husubiri 7, au 8 kwa mwenye moyo mbovu, na hutoa mfuko mmoja, kisha wanapima tena. Mfuko mmoja hupandisha takriban gramu moja. Mpelekee dada hesabu hiyo: mifuko mitatu ingempeleka mama karibu na 11, na gramu mbili kati ya hizo huenda hakuna anayezihitaji.

Lakini mjomba asishangilie. Mwaka 2015 Wabrazili walichapisha utafiti wao wa wagonjwa 198 waliotoka kupasuliwa saratani kubwa za tumbo na kulazwa chumba cha mahututi. Walioachwa washuke hadi 7 ndipo wapewe walipata madhara makubwa au vifo asilimia 36 hivi. Waliopewa mapema, kwenye 9, asilimia 20. Utafiti mdogo, wa hospitali moja, ila umenifunza kwamba ubahili nao huua. Saratani ikirudi baada ya miaka miwili ni msiba. Moyo wa mama ukisimama mezani saa nne asubuhi kwa sababu familia ilikataza damu, hiyo miaka miwili haipo ya kuhofia. Nimewahi kusimama kando ya meza ya namna hiyo. Tulikuwa tukipima swabu, vitambaa vya kufyonzea damu, kwenye mizani, kila gramu ya ziada ni mililita ya damu, nami naandika ubaoni, na daktari wa usingizi hakuuliza tena kwa sauti, alikuwa akitazama tu ubao. Karatasi ya kukataa ilikuwa kwenye faili. Sitaki kuyasimulia zaidi.

Sasa hizo wiki tatu. Hapo ndipo nguvu zenu ziende, badala ya kupelekeana sauti. Uvimbe wa upande wa kulia huvuja polepole, hauonekani chooni, unanyonya madini ya chuma miezi na miezi. Wazee wetu wangemwita mama mwenye safura na wangemtafutia dawa ya minyoo, na hawangekuwa wajinga: pwani hii minyoo ya safura ipo, kichocho kipo, malaria ipo. Mwombe daktari amwangalie hayo, na apime akiba ya chuma mwilini, kipimo kinaitwa feritini. Ikiwa akiba imekauka, aanze chuma leo, asingoje wiki ya mwisho. Vidonge wengi humeza mara tatu kwa siku na kuugua tumbo bure. Utafiti wa karibuni unaonyesha mwili hunyonya vizuri zaidi ukimeza siku moja na kuruka moja. Ameze na maji ya chungwa au ndimu, na asimeze na chai. Najua nazungumza na watu wa Mombasa. Chai ya rangi hukishika chuma ikatoka nacho. Mahamri yake na chai ayale, lakini saa mbili mbali na kidonge. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke.

Kwa wiki tatu vidonge huenda visitoshe, hasa tumbo linalovuja. Ipo chuma ya kutiwa mshipani kwa dripu. Ulizeni kama inapatikana na bei yake. Sitakuahidi miujiza: Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 487 kabla ya upasuaji mkubwa wa tumbo, matokeo yakatoka mwaka 2020, damu ilipanda lakini idadi ya walioongezwa damu au kufa haikupungua. Huwa nadhani, na hili ni langu, faida yake iko baada ya kurudi nyumbani, pale mgonjwa anapohitaji kusimama tena.

Jambo jingine la kumuuliza daktari wa upasuaji ni traneksamiki asidi, dawa ya kuzuia damu kuvuja. Wakunga wanaijua sana kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Utafiti wa mwaka 2022 wenye wagonjwa zaidi ya 9,500 waliofanyiwa upasuaji usiokuwa wa moyo ulionyesha kutoka damu kwingi kulishuka kutoka asilimia 11.7 hadi 9.1. Kama mama amewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mseme mapema. Mseme pia kama anameza aspirini, dawa ya moyo, au mizizi ya mtu wa Kongowea. Msiziache wenyewe, msizifiche.

Ukimuuliza daktari swali moja tu, liwe hili: "Mama akifika ngapi mtamwongezea, na mtaanza na mfuko mmoja?" Daktari mzuri hatakasirika.

Kuhusu damu yako. Moyo wako ni mzuri lakini damu ya ndugu wa karibu si bora. Seli nyeupe zako zinafanana na zake nusu kwa nusu, hivyo mwili wake huenda usizitambue kuwa ngeni, zikapata makazi na kuanza kuushambulia. Ni nadra mno, ila ikitokea karibu kila mara huua, na ndiyo maana damu ya mtoto kwa mzazi inatakiwa kupigwa mionzi maalumu kwanza. Wewe toa, iingie benki, impate mwingine. Mama apewe ya mtu baki. Ndivyo inavyoendeshwa.

Yule kijana wa nje msimpe hata nambari ya simu. Damu haiuzwi. Damu halali hupitia kupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Ya kwake hujui ilipitia wapi. Mkakusanye jamaa na majirani, muwapeleke kituo cha damu cha kanda hapa mjini, na msingoje: nimehesabu siku zenu, wiki tatu zinaangukia Ramadhani. Miezi hiyo wachangiaji hupungua, na shule zikifungwa ndiyo balaa, maana wanafunzi ndio wanaoibeba nchi hii kwa damu. Awe na miaka 16 hadi 65, uzito kilo 50 na zaidi. Mama mwenyewe asifunge, na asilione ni deni la kumsumbua kitandani.

Akitundikiwa, kaa naye. Wauguzi wawili wasome jina na nambari yake dhidi ya mfuko, palepale kitandani. Dakika 15 za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa macho: baridi, kuwashwa, mgongo kuuma, pumzi. Ukiona lolote, piga kelele, usione haya.

Bi Muuguzi, juisi ya biteruti na soda nyekundu huongeza damu kweli? Mke wangu anangoja kupasuliwa titi. *Baba Watoto, Changamwe*

Baba, rangi haihamii. Soda nyekundu ni sukari na rangi. Biteruti ni chakula kizuri lakini chuma yake ni haba. Ukiwa na shilingi za juisi, mnunulie maini, samaki, mchicha na kunde, na ndimu ya kukamulia juu. Na apimwe kwanza, huenda damu yake ni nzima. Upasuaji wa titi kwa kawaida hautoi damu nyingi.

Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa boda Likoni. Mwaka jana nilivuka feri nikamtolea damu jirani yetu aliyepasuliwa saratani ya umio. Alitoka salama, tukashukuru. Miezi minane baadaye akafariki. Sasa nasikia watu wanasema damu ya kuongezwa huamsha saratani. Tangu hapo silali vizuri. Ni damu yangu? *Jirani, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Hapana.

Kwanza, damu uliyotoa yawezekana hakupewa yeye. Iliingia benki na yeye akapewa iliyolingana na kundi lake. Pili, saratani ya umio ni katili. Wengi huja chakula kikiwa hakipiti tena, maji tu, na kufikia hapo imekwisha kutambaa. Haikungoja damu ya mtu iiamshe. Tatu, soma nilivyomjibu binti wa Kisauni hapo juu, habari ya baba yangu na majahazi.

Lile ulilofanya lilimtoa mezani. Miezi minane hiyo sijui aliifanyia nini, wewe jirani ndiye unayejua: kama aliozesha, kama alimwona mjukuu, kama alikaa tu kibarazani jioni akiwasalimu mkipita.

Mwanamume hukaa miezi mitatu ndipo atoe tena, na yako imepita siku nyingi. Ukienda, kula kwanza, kunywa maji mengi, na ukimaliza kaa kitini dakika 15 unywe soda watakayokupa. Usiwashe piki papo hapo. Abiria atangoja.